Maswali Yenu: Yatima Ndani ya Nyumba ya Kikristo

Barua za safari hii zimetoka kwa walezi wa kambo (waliokabidhiwa watoto na Ustawi wa Jamii) na ndugu waliobeba watoto wa marehemu, karibu wote watu wa kanisani.

Shikamoo Mama. Ustawi wa Jamii walitukabidhi mtoto wa miaka saba, miezi miwili sasa. Kila nikitandika kitanda nakuta vipande vya chapati na ugali mkavu chini ya godoro. Chakula hakimpungukii. Mume wangu anasema ni wizi, akemewe mapema. (Mama mlezi, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Mumeo ameona wizi, mimi naona akiba. Mtoto aliyewahi kulala njaa haamini kwamba kesho kutapikwa, hata akiona gunia la unga limesimama jikoni. Mtafutie kopo lenye mfuniko, liwe lake, utie karanga na biskuti, likae karibu na kitanda. Likiisha jaza bila kuuliza. Usiku kabla hajalala mwambie asubuhi mtakunywa nini: "Kesho uji na viazi." "Usiibe" iacheni kwanza, hapa haina kazi. Iko siku utafungua kopo ukute liko vilevile ulivyolijaza.

Mchungaji anataka Jumapili binti yetu asimame mbele ya kanisa aeleze alikotoka, ili washirika waguswe wachangie ada. Tukatae vipi? (Baba na Mama, Mbeya)

Kwa heshima, lakini kataeni. Akishasimama pale, Jumatatu shule nzima inajua mama yake alikufa kwa ugonjwa gani. Mchango uombwe kwa jina lenu: tuna watoto, ada imetuelemea. Inatosha. Kama ushuhuda unahitajika sana, mtoe wa kwenu.

Mtoto wa marehemu dada yangu aliniuliza kwa nini Mungu alimchukua mama yake. Nikamjibu Mungu alimpenda zaidi. Tangu siku hiyo hataki kusali. (Mama mdogo, Bukoba)

Hata mimi nisingetaka. Alichosikia ni kwamba Mungu akikupenda sana anakuondoa, basi anajiweka mbali asije akapendwa yeye. Maneno hayo tunaambiana misibani tukikosa la kusema. Mtu mzima anayapokea kama pole, mtoto anayachukua yalivyo.

Kaa naye umwambie kweli kwa maneno mafupi: mama aliugua, akatibiwa, mwili ukashindwa, akafa. Wewe hukukosea kitu. Hilo la mwisho lirudie siku nyingine hata asipouliza, maana watoto hujilaumu kimoyomoyo, hasa aliyewahi kugombezwa na mama siku chache kabla. Kuhusu Mungu, "sijui" ni jibu halali. Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu waziwazi, na Yesu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro kabla ya kumfufua. Sala ya jioni asilazimishwe. Salini ninyi, yeye akae tu. Na mkishukuru, mtajeni marehemu kwa jina lake. Nyumba nyingi huacha kumtaja zikidhani zinamsaidia mtoto, kumbe zinamfundisha kwamba mama ni mwiko.

Kijana tunayemlea ana miaka 11. Wazazi wake marehemu walikuwa Waislamu, bibi yake yuko Tanga. Anapenda sana kwaya yetu. Tumbatize Pasaka? (Dodoma)

Hapana. Mmekabidhiwa malezi, hamkukabidhiwa dini yake. Rudini kwa afisa ustawi wenu mzungumze, na bibi apigiwe simu kabla hajasikia habari za kwaya kwa mtu mwingine. Idd aende Tanga na kanzu yake. Kitimoto isiingie sahani yake. Akisema anataka madrasa, mpelekeni. Najua wengine mtaniandikia kwa hasira kwa jibu hili, barua zenu nitazisoma.

Shule inataka jina la tatu la mtoto. Tuandike la kwetu? Halafu baba zake wadogo wameanza kulima shamba la marehemu kaka yao kama lao. (Iringa)

Jina libaki la baba yake. Malezi ya kambo hayabadilishi jina, na kuasili, yaani kumfanya mtoto awe wenu kisheria, ni jambo jingine, amri yake hutoka Mahakama Kuu. Mnamkumbuka Esta? Mordekai alimlea kama binti yake baada ya wazazi wake kufa, lakini Biblia inamwita binti Abihaili hata akiwa malkia.

La haraka ni shamba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto haki yake katika mali ya mzazi aliyefariki. Tafuteni cheti cha kifo cha baba na cheti cha kuzaliwa cha mtoto (visipokuwepo huombwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo), mirathi ifunguliwe mahakamani, asimamie mtu asiyenufaika na shamba hilo. Kikao cha ukoo msikikatae, ila afisa ustawi au mwenyekiti wa kijiji awepo, na yanayokubaliwa yaandikwe na kusainiwa palepale. Mtoto abaki nyumbani siku hiyo.