Vibonzo darasani: simu moja, wanafunzi 48

SWALI: Salamu, Mwalimu. Ninafundisha Gredi ya 5 karibu na Ahero, wanafunzi 48. Nataka watengeneze filamu fupi ya vibonzo itakayounganisha Sayansi, Hisabati, Kiswahili na Sanaa. Mwalimu mkuu anaona huo ni mchezo wa kupoteza vipindi, na kifaa nilicho nacho ni simu yangu tu. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, wiki mbili za kwanza simu iache mkobani. Anza na karatasi. Kata madaftari yaliyokwisha, kila mtoto apate vipande 20 vya ukubwa wa kiganja, achore nukta ikishuka kidogo kidogo, avishone upande mmoja kwa uzi, kisha apeperushe kurasa kwa kidole gumba. Nukta inaanguka! Kidaftari cha namna hiyo John Barnes Linnett alikipatia hataza Uingereza mwaka 1868, kabla sinema haijazaliwa, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba shule isiyo na kompyuta haiwezi.

Halafu chagueni jambo moja la kuonyesha. Darasa langu la Nyalenda, Kisumu, lilichagua mbu, maana huku kwetu kila mtoto ana siku alizolala na malaria. Tulichota viluwiluwi wa mbu dimbwini, tukawatia kwenye chupa ya kioo na kufunika mdomo kwa kipande cha neti. Watoto walidhani wanamjua mbu hadi walipolazimika kumchora akisogea. Kiluwiluwi hupandaje juu kuvuta hewa? Akifika hukaaje? Mvulana mmoja ambaye hakuwa na kawaida ya kuinua mkono ndiye aliyegundua kuwa wengine hulala sambamba na uso wa maji, na wengine huning'inia kichwa chini. Nikawaambia anayelala sambamba ndiye Anofelesi, yule wa malaria. Nilikuwa nimefundisha mada hiyo kwa mchoro wa ubaoni miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuliona hilo. (Mkimaliza, mwageni maji hayo kwenye ardhi kavu kabla viluwiluwi hawajaota mabawa.)

Hesabu yako imekaa vizuri mno. Sinema hutumia picha 24 kwa sekunde, lakini kwa watoto 8 zinatosha. Sekunde 30 ni picha 240, yaani michoro 5 kwa kila mwanafunzi. Chukulieni siku 10 tangu yai hadi mbu, kila siku iwe sekunde 3: yai siku 2, kiluwiluwi 6, pupa (hatua ya mwisho kabla ya mbu mwenye mabawa) 2. Hapo pana uwiano, kuzidisha na kugawanya. Darasa langu lilikwama kwenye yai. Yai halisogei, sasa picha 48 ni za nini? Walibishana kipindi kizima, nami nikanyamaza. Mwishowe wakaamua yai litulie, ila jua lipite juu ya dimbwi mara mbili.

Kiswahili kitaingia kwenye masimulizi. Sekunde 30 ni chache, na mtoto aliyezoea kujaza ukurasa wa insha itambidi afute. Warekodi, kisha wajisikilize. Wangu walisema "mayai zinaelea", wakajisikia, wakacheka na kurekebisha wenyewe.

Michoro ikiwa tayari kupigwa picha, simu ilaze juu ya rula mbili zilizovuka kati ya mitungi miwili iliyojaa maji, kamera itazame chini, na isiguswe ila kwa kubonyeza. Pigeni ndani, karibu na dirisha lisilopigwa na jua. Mara yangu ya kwanza nilipigia uwanjani. Mawingu ya ziwa yakawa yanakuja na kwenda, na filamu nzima ikawa inamemeteka. Tulirudia siku mbili.

Usikubali mchoraji hodari achoree kikundi kizima. Najua picha zitapendeza zaidi, lakini wenzake watakuwa watazamaji tu, na kazi hii si ya maonyesho.

Kwa mwalimu mkuu, usiende kuomba kipindi kipya. Mpelekee azimio la kazi, umwonyeshe kuwa kuzidisha, viumbe hai na insha vimo tayari na kila kimoja kinafundishwa ndani ya kipindi chake. Pia mpelekee kidaftari kimoja cha mtoto, akipeperushe kwa mkono wake mwenyewe.

Na kabla ya kupiga zote 240, pigeni 16 tu, mzitazame pamoja. Kiluwiluwi akiruka badala ya kujinyonganyonga, ni heri mjue siku hiyo.