Maswali na majibu: moshi wa usiku, mavi ya chuma na maziwa ya tanuruni

Barua za safari hii karibu zote ni za chuma: moshi wa tanuru, biashara ya skrepa, yaani vyuma chakavu, yale mawe meusi yanayomwagwa viwanjani. Waliouliza jambo moja kwa maneno tofauti nimewaunganisha, wasione nimewaruka.

Shikamoo mzee. Tunakaa jirani na kiwanda kinachoyeyusha chuma. Mchana hatuoni kitu, ila usiku unatanda moshi mwekundu mpaka alfajiri, na nguo zikilala kambani zinaamka na vumbi kama kutu. Wanangoja tulale? (Mama mwenye nyumba, Tanga mjini)

Marahaba mama. Huenda wanangoja, lakini tusianzie hapo. Tanuru la kuyeyusha skrepa haliwashwi na kuzimwa kama jiko la mkaa. Likipoa, ukuta wake wa ndani unapasuka, kwa hiyo linakwenda mchana na usiku kwa zamu. Kinachobadilika ni upepo. Mchana unavuma kutoka baharini na kuupeleka moshi mashambani. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko bahari, upepo wa nchi kavu uitwao umande unashuka kuelekea pwani, na hewa ya chini inatulia. Moshi ule ule uliokuwa ukipanda na kupotea sasa unalala juu ya mapaa yenu.

Rangi itakusaidia zaidi kuliko saa. Moshi wa kahawia iliyoiva ni chuma chenyewe kilichoungua kikawa vumbi. Mweupe mzito mara nyingi ni zinki: bati la paa limepakwa zinki, nayo inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi wakati chuma kinataka zaidi ya 1,500 kuyeyuka, kwa hiyo chuma hakijalainika vizuri zinki imeshatoka bombani. Mweusi ni mafuta, plastiki na mpira, maana yake skrepa iliingizwa bila kuchambuliwa. Kiwanda ambacho mtambo wake wa kuchuja unafanya kazi hakitoi moshi wa aina hizo usiku kucha. Mtambo wenyewe ni chumba chenye mifuko mirefu ya kitambaa. Feni kubwa inavuta moshi kupita kwenye mifuko, hewa inatoka, vumbi linabaki. Tatizo ni kwamba feni hiyo inakula umeme, na mifuko inatoboka na kubadilishwa kwa gharama. Hapo nakubaliana na shaka yako: feni ikizimwa saa nane usiku kupunguza bili, asubuhi nani atajua?

Basi andika. Daftari la shule linatosha: tarehe, saa moshi ulipoanza na ulipokwisha, rangi, upepo ulitoka wapi. Picha zipigwe kwa simu inayoonyesha saa. Peleka kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa mazingira wa jiji, nakala kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kuidai. Lakini barua inayosema tu "moshi unatusumbua" itawekwa kwenye faili. Ukiambatanisha saa na rangi za usiku kumi, mkaguzi anajua aje saa ngapi na aangalie nini.

Kiwanda kina cheti cha mazingira, kimetundikwa mapokezi kwenye fremu. Si basi wako sawa? (Kijana wa Chumbageni)

Bado. Cheti hutolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira, na huja na masharti. Muulize mwenye cheti masharti ni yapi na taarifa ya mwisho ya ufuatiliaji ilikwenda lini NEMC. Akianza kukuonyesha fremu tena, jibu umeshalipata.

Nanunua skrepa Makorora, nina mizani na guta mbili. Jamaa ananiambia bila kibali nitakamatwa. Kweli? Na kuna vitu nisivyotakiwa kununua? (Mfanyabiashara)

Kweli kaka. Vyuma chakavu viko chini ya kanuni za taka hatarishi, na kuvikusanya, kuvihifadhi au kuvisafirisha kunahitaji kibali kinachopitia NEMC. Wengi wanaona ni usumbufu wa serikali. Mimi naona kibali kinakulinda wewe kwanza, maana siku polisi wanapotafuta mataruma ya reli, mifuniko ya mashimo ya maji taka au vyuma vya minara ya umeme, mwenye daftari la aliowanunulia ana la kusema. Andika jina, simu na kitu chenyewe. Mtoto wa shule akija na kipande cha reli, usikipime.

Vya kukataa ni hivi. Kwanza, chochote kilichozibwa pande zote: mtungi wa gesi, mtungi wa zimamoto, shokapu ambayo haijatobolewa, bomba lililochomelewa ncha mbili. Ndani mkiwa na maji hata ya kikombe, yakizama kwenye chuma kilichoyeyuka yanageuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600 papo hapo. Chuma cha moto kinaruka mpaka kwenye dari. Wanaokufa ni vijana wa zamu, wewe hutakuwapo.

Pili, betri za magari. Zina madini ya risasi, hazina kazi kwenye tanuru la chuma, na zikivunjwa uani tindikali na risasi vinabaki kwenye udongo wanaochezea watoto wako. Jirani zetu wa Mombasa wanalijua hilo. Mtaa wa Owino Uhuru ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri, watu wakaathirika kwa risasi, na kesi ikazunguka mahakamani kwa miaka mpaka Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipowarudishia wakazi tuzo ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Tatu, na hili watu hulidharau: chombo kizito kuliko umbo lake, chenye alama ya mapanga matatu kama feni, ya njano na nyeusi. Hiyo ni mionzi. Vyombo hivyo hutoka kwenye mashine za hospitali na vipimo vya viwandani. Mwaka 1983 huko Ciudad Juárez, Mexico, mashine ya zamani ya kutibu saratani iliuzwa kama skrepa ikiwa na kobalti-60, metali yenye mionzi, ndani, ikayeyushwa, ikawa nondo. Iligunduliwa Januari 1984 kwa bahati tu: lori lililobeba nondo hizo Marekani lilikosea njia likapita kwenye lango la maabara ya Los Alamos, vipimo vya mionzi vikalia. Nondo zilikuwa zimeshafika kwenye majengo, na nyumba za watu zikabomolewa. Machi 2023 Thailand ilipoteza silinda ya seziamu-137, nayo metali yenye mionzi, kutoka kituo cha umeme, na mionzi ya aina hiyo ikakutwa kwenye vumbi la kiwanda cha kuyeyusha chuma. Ukikiona chombo hicho, usikikate na usikipakie kwenye guta. Watenge watu mbali, piga simu polisi na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC.

Fundi wangu amepata mavi ya chuma bure kutoka kiwandani, anataka kujazia kiwanja badala ya kifusi. Nimruhusu? (Mjenzi, Mikanjuni)

Inategemea amepewa nini, maana kiwandani "taka" ni jina la vitu vingi. Mavi ya chuma ni yale mawe meusi mazito, yenye matundu, yanayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka na kukwanguliwa. Kwenye barabara yanafaa, nchi nyingi zinayatumia. Chini ya sakafu ya nyumba mimi siyapendi, kwa sababu baadhi yana chokaa ambayo haijakomaa: ikipata unyevu inavimba, na miaka miwili baadaye unamlaumu fundi kwa nyufa. Yawe yamekaa nje, mvua na jua, miezi mingi, na kiwanda kikupe majibu ya maabara. Majibu hayapo? Nunua kifusi.

Ila kama fundi amekuja na kitu laini kama unga, cha kahawia, kinachopeperuka ukikimimina, hicho ni vumbi la mifukoni. Ndicho kile kilichozuiwa kisipande hewani, pamoja na zinki na risasi yake, na nchi nyingi zimekiweka kwenye taka hatari. Kinahifadhiwa kwenye magunia yaliyofungwa, chini ya paa, na kuchukuliwa na mwenye kibali. Anayekigawa bure anakuhamishia gharama yake. Ndiyo maana nikiingia kiwandani huuliza kwanza vumbi linakwenda wapi. Mifuko ikiwa mizima na vumbi likatupwa bondeni nyuma ya ukuta, uchafu umebadili njia tu.

Na kiwanja chako kikiwa ufukweni au kando ya mto, kujaza chochote ndani ya mita 60 kumekatazwa na sheria hiyo hiyo ya 2004, kifungu cha 57. Mikoko si kiwanja kinachosubiri kifusi.

Nafanya kazi tanuruni. Tukiyeyusha bati nyingi, usiku napata homa, baridi, kifua kinabana, kesho kutwa nimepona. Bosi anatupa maziwa. Yanasaidia? (Mtu wa zamu)

Maziwa ni chakula kizuri, kunywa. Lakini yanakwenda tumboni na moshi unakwenda kwenye mapafu. Unachopata ni homa ya moshi wa zinki: huanza saa kadhaa baada ya kazi, hufanana na malaria, huisha kwa siku moja au mbili. Wengi huipata Jumatatu, kwa sababu mwili huuzoea moshi kwa siku chache na kuusahau wikiendi. Kwa hiyo ukienda zahanati pima malaria, na mweleze daktari unafanya kazi gani, usije ukameza dawa za mseto kila Jumatatu bure.

Unachostahili ni kofia ya kuvuta moshi juu ya tanuru na barakoa yenye chujio la vumbi la metali. Kitambaa cha kufunga puani hakichuji kitu. Ovaroli ibaki kazini. Ukiivaa hadi nyumbani mkeo anaifua na risasi, na mtoto anaipata risasi hiyo kwa mikono. Usalama wa kazini unasimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, na ugonjwa uliotokana na kazi una Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake analipa mwajiri. Omba cheti cha daktari kila mara na ukihifadhi wewe mwenyewe.

Nipo kidato cha sita. Chuma cha skrepa ni safi kuliko cha mawe ya chuma? (Mwanafunzi)

Kwa hewa ya ukaa, ndiyo, kwa mbali. Njia ya mawe na makaa ya mawe hutoa takriban tani 2.3 za hewa ya ukaa kwa tani moja ya chuma. Skrepa kwenye tanuru la umeme ni kama 0.7, na umeme ukiwa wa maji inashuka zaidi. Mawe ya chuma ya Liganga kule Ludewa yakianza kuchimbwa, swali lako litakuwa zito. Ila mwanangu, skrepa ndiyo inayoleta zinki, risasi na rangi za zamani kwenye moshi. Andika na hilo kwenye mtihani wako.

Mfereji unaotoka kiwanda cha nondo unashuka hadi karibu na tunapoegesha ngalawa. Maji yana utando wa mafuta na chini kuna matope meusi mazito. Watu wa kiwanda wanasema ni kutu tu. (Mvuvi, Sahare)

Nusu ni kweli. Bileti, yaani gogo la chuma la kutengenezea nondo, ikitoka jikoni ina nyuzi kama 1,200, ikipita kwenye rola inamwagiwa maji na ngozi yake inabanduka magamba meusi. Hayo ni kama kutu, na viwanda vya saruji huyanunua kama chanzo cha chuma. Nilipokuwa nikifanya kazi kwenye rola tuliyachota kila zamu kwa koleo kutoka kwenye shimo la kutuamisha. Kinachowaumiza ninyi ni grisi na mafuta ya rola yaliyonata humo. Shimo likiwa zima na mtego wa mafuta ukichotwa, maji yanarudi kupoza chuma tena, hayana sababu ya kufika kwenu.

Mwombe afisa mazingira achukue maji mwenyewe, chupa za kioo, moja upande wa juu maji yanakotoka kabla ya kiwanda na moja upande wa chini baada yake, siku ambayo rola zinazunguka. Ikibidi ajulishwe saa, mpigie wewe ukiuona utando.