Barua kwa mwanangu: kazi ya ambulensi Kinango

Mwanangu,

Salamu kutoka Kisauni. Unauliza kama ukubali kazi ya unesi wa ambulensi huko Kinango, na ni kipi kilichonitesa zaidi nilipoifanya. Babako amenidakiza, ati nikwambie damu. Damu utaizoea. Kilichonitesa ni kuwa peke yangu nyuma ya gari. Wodini ukiita, mwenzio huja, daktari huamshwa. Njiani una dereva aliyekupa mgongo, na jamaa ya mgonjwa anayekuuliza kila mara kama atapona.

Kwa hiyo safari imalize kichwani kabla gari halijatoka. Mtungi wa oksijeni wa lita 680, ukimpa mgonjwa lita 10 kwa dakika, unakwisha kwa dakika 68, tena hapo ulikuwa umejaa. Sasa tia masika, kijito kimefurika, dereva anazunguka. Hesabu hiyo ipige ukiwa bado zahanati. Na simu piga hapo hapo, kwa daktari na kwa hospitali inayompokea, maana mkishateremka bondeni mtandao hukatika. Sijui adhabu kubwa kuliko kufika Mombasa usiku na mgonjwa mahututi, ukaambiwa hatukuwa na habari yenu.

Atakayekutia jasho ni mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Oksitosini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ikome, huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Barafu ikiyeyuka kwenye kikasha, dawa hupungua nguvu, na kwa macho hutaona tofauti. Hapo hutegemea mikono. Unausugua mfuko wa uzazi juu ya tumbo mpaka uusikie umekaza, gari linaruka kwenye mawe, ukiuachia kidogo unalegea tena. Usione haya kumwambia dereva asimame. Madereva wengi hudhani mbio ndiyo dawa. Na mjamzito mlaze ubavu, wa kushoto ukiweza. Akilala chali, tumbo hukandamiza mishipa mikubwa na presha ikashuka.

Ya jamaa nayo ni kazi. Watataka kupanda wote, au mtangojea mzee fulani atoe ruhusa huku mgonjwa anazidiwa. Usigombane nao, mtafute mwenye kauli pale, sema naye kando. Kiduruma, lugha ya wenyeji wa huko, jifunze mapema, hata cha kuuliza tu panauma wapi. Mwenye uchungu hana muda wa kutafuta Kiswahili.

Mimi nasema nenda. Ila kabla hujatia sahihi, waulize: usiku nyuma ya gari tutakuwa wangapi? Mitungi hujazwa wapi, na ikiisha Ijumaa jioni mnafanyaje? Nikikwama njiani, ni daktari gani atashika simu? Nataka jina la mtu, usikubali "tutaangalia". Wakishakujibu, nipigie kwanza.

Mamako