Mwanangu anaitwa Gudmoni

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Mwaka jana mwezi wa kumi mkataba wa kazi wa mume wangu uliisha na haukuongezwa. Januari tukashindwa ada, tukawahamisha watoto kutoka inglishi midiamu kwenda shule ya serikali iliyo karibu na nyumbani. Wa kike ameanza darasa la kwanza, yeye hana neno. Tatizo ni kaka yake, miaka tisa, darasa la nne. Siku ya kwanza mwalimu alipoingia wenzake walisimama wakasema "Shikamoo mwalimu", yeye peke yake akasema "Gudmoni ticha". Darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo jina lake ni Gudmoni. Alikuwa hakosi tatu bora, sasa daftari la Hisabati linarudi na makosa mekundu ukurasa mzima. Kila Jumatatu tumbo linamuuma, mara nyingine anatapika. Juzi nilimfuata kwa nyuma, nikamkuta amejibanza nyuma ya kibanda cha chipsi mpaka gari la shule yake ya zamani lipite. Tumekubaliana na baba yake tumwambie ni kwa muda tu, mwakani atarudi, lakini hata hilo halimtulizi. Mama mkwe anasema mtoto amedekezwa, dawa yake fimbo. Mimi usiku nalia tu. Nikope niwarudishe?*

*Mama wawili, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na mahali nilipopigia mstari si kwenye tumbo wala kwenye Gudmoni. Ni pale uliposema mmekubaliana na mwenzio kumwambia mtoto kwamba ni kwa muda tu.

Je, ni kweli? Ada ya mwakani mnayo? Kama hamna, basi mmempa mtoto kitu cha kungojea, na anayengojea gari stendi hatandiki mkeka. Kwa nini ajifunze majina ya wenzake? Kwa nini agombanie nafasi kwenye dawati la watu wanne, wakati mmemwambia anapita tu? Anajibanza nyuma ya kile kibanda kwa sababu moyoni bado ni mwanafunzi wa lile gari la njano, na hataki wenzake wamwone na kaptula ya bluu kabla hajarudi kwao. Halafu watoto si wajinga. Anaona sukari inavyopimwa siku hizi, anamwona baba yuko nyumbani saa nne asubuhi, usiku anakusikia unalia. Midomo yenu inasema hivi, nyumba inasema vile, na yeye kabaki hapo katikati na tumbo lake.

Mwambieni ukweli wiki hii. Na aseme baba, si wewe. Najua atasitasita, mwanamume kumwambia mwanawe kwamba kazi imeisha si jambo dogo, lakini baba akinyamaza mtoto anajua kuna aibu, na aibu hiyo ndiyo anayokwenda nayo shule. Maneno yawe machache: "Kazi yangu iliisha. Ada ya kule ni kubwa kuliko tulichonacho. Mimi na mama yako tumeamua usome hapa, na darasa la nne utalimaliza hapa. Hukukosea kitu, wala hukufeli kitu." Kisha anyamaze. Asije akaongeza "ila Mungu akijalia mwakani", maana hapo mtakuwa mmerudi pale pale stendi. Mtoto anaweza kulia, anaweza kununa siku mbili tatu na kukataa chakula cha usiku. Mwacheni anune, ana haki ya kuisikitikia shule yake. Kaeni naye tu.

Kukopa, hapana. Ukichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, ukamrudisha Machi, Julai awamu ya pili ya ada ikikushinda utamhamisha tena, mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, na mwaka wenyewe ndio wa upimaji wa kitaifa wa darasa la nne unaofanyika Oktoba. Bora shule moja aizoee.

Tumbo. Kwanza mpeleke zahanati apimwe, tusije tukayatupia mawazo mzigo wa minyoo. Ikiwa hawakuona kitu, na Jumamosi tumbo haliumi, basi ni hofu. Ila sikiliza hapa: maumivu ya hofu ni maumivu kweli, usimwambie anajisingizia. Mwambie, "Najua linauma, na shule tunakwenda, nitakusindikiza mpaka getini." Usimwachie abaki nyumbani Jumatatu hata moja kwa sababu hiyo, kwani Jumatatu inayofuata itakuwa nzito mara mbili. Muulize pia, kwa upole na mkiwa wawili tu, kama kuna mtu anamfanyia ubaya njiani au chooni. Ukiona wiki zinapita na bado anatapika, hali chakula, ameanza kukojoa kitandani, rudi kwa daktari umweleze yote, pamoja na habari ya kuhama.

Sasa Hisabati, na hapa ndipo nilipotaka kukaa kidogo. Mwanao hakusahau Hisabati usiku wa Krismasi. Fanya jaribio leo jioni. Chora mstatili kwenye karatasi, upande mmoja sentimita 6, mwingine 4, umwambie atafute mzingo. Atakukodolea macho. Kisha mwambie lile neno la Kiingereza alilofundishwa kule, perimita. Atajumlisha pande zote nne akujibu 20 hujamaliza sentensi. Hesabu anaijua, jina lake ndilo hajalisikia. Hivyo hivyo kwenye sehemu: ile namba ya juu anaijua, ya chini anaijua, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zinaitwa kiasi na asili. Shufwa, witiri, namba tasa, pembe mraba, kwake hayo yote ni maneno ya mtaa mwingine. (Witiri yenyewe mimi niliielewa ukubwani, tena kwa jirani yangu anayesali sala ya witiri usiku, akaniambia rakaa zake hazigawanyiki kwa mbili.) Mtoto anayesoma swali asilolielewa huku amezungukwa na watoto wanaodhani ni mbumbumbu, wewe unadhani atapata vema ngapi?

Dawa yake ni daftari. Chukua moja la mistari, likunje ukurasa katikati, kushoto neno la Kiingereza, kulia la Kiswahili, na mchoro mdogo au mfano chini yake. Maneno matano kila siku, yasizidi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya Hisabati vya darasa la nne vya lugha zote mbili, na unaweza kuvisoma kwenye Maktaba Mtandao yao kwa simu yako. Kiweke cha Kiingereza na cha Kiswahili ubavu kwa ubavu, mada kwa mada. Sayansi nayo fanya vivyo hivyo. Na kazi hii mpe baba yake. Yuko nyumbani mchana, anajua kusoma, na mtu aliyekosa kazi akipata kazi hata ya nusu saa kwa siku hukaa vizuri zaidi mezani. Sikusema hayo umwambie.

Nenda ukamwone mwalimu wa darasa. Usiende asubuhi, wakati huo ana paredi na watoto mia wanaomsubiri. Nenda mchana vipindi vikiisha, na usianze kwa kulalamika. Huenda hata hajui kijana katokea wapi, kwake ni jina moja kwenye rejesta. Mweleze kwamba mtoto amesoma kwa Kiingereza miaka mitatu, maneno ya Kiswahili ya masomo ndiyo yanamsumbua, na umwombe amkalishe na mtoto anayeiweza Hisabati na anayesumbuliwa na Kiingereza. Hapo watakuwa na cha kupeana. Ila mwanao umuonye asikisahihishe Kiingereza cha watu bila kuombwa, mwalimu akiwemo.

Lingine ambalo hukuliandika, nami nauliza: anajua kufagia? Sicheki. Kule kulikuwa na wahudumu. Huku watoto wanakimbia alfajiri kuwahi namba, huyu na fagio la chelewa, yule na kidumu cha maji, na mvulana anayeshika chelewa kwa ncha za vidole na kutimua vumbi kwenye viatu vya wenzake atachekwa kuliko huyo Gudmoni. Jumamosi mtoe uani. Anyunyize maji kwanza, ainame, mkono mmoja mgongoni, afagie kwa kurudi nyuma asikanyage alipokwisha kufagia. Nusu saa inatosha. Mfundishe na kudeki. Utashangaa mtoto anavyotembea tofauti siku anapojua kwamba zamu ya usafi haimtishi.

Lile jina, usilipeleke kwa mwalimu mkuu. Muulize kwanza anavyoitwa: kwa kuchekwa, au ndiyo namna wanavyomwita wakitaka acheze nao mpira? Utani wa shuleni mara nyingi ndio mlango wa kuingilia. Siku atakayojibu "Gudmoni na wewe" wenzake wakacheka pamoja naye, jina litapungua makali. Likija na kusukumwa, au kunyang'anywa hela ya uji, hapo si utani tena, na mwalimu aambiwe siku hiyo hiyo.

Mama mkwe mheshimu, mpikie, msikilize, fimbo usiilete. Mtoto anayetapika kwa hofu huwezi kumwongezea hofu apone. Na kwa kuwa najua utauliza viboko vya shuleni: kanuni za serikali zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mtoto akichapwa kwa kukosa hesabu una haki ya kwenda kuuliza kwa adabu kitabu hicho kinasema nini.

Nikupe na la kwangu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, tukahamishwa kutoka Korogwe kwenda Tabora mimi nikiwa darasa la tano. Wiki nzima sikufungua mdomo darasani, nilikuwa nikihesabu mbao za dari. Mama hakunihoji. Jumatatu ya pili alinifungia maandazi mawili kwenye gazeti, akaniambia, "La pili si lako." Nilikaa nalo mpaka mapumziko likaloanisha gazeti lote kwa mafuta, nikashindwa pa kulipeleka, nikamsukumia msichana aliyekaa kushoto kwangu bila kumtazama usoni. Akalikata katikati, akanirudishia nusu. Leo ni bibi mwenzangu, na mwaka huu nimecheza harusi ya mjukuu wake. Kwa hiyo kama nyumbani hapakosekani unga, ongeza andazi moja. Usimwambie ampe nani.

Kuhusu lile gari, usimtoe nyuma ya kibanda. Wiki hii msindikize, likipita simameni wote wawili huko nyuma, na akitaka kukuambia nani amekaa dirisha lipi, msikilize. Kama ana rafiki mmoja wa kule anayemkumbuka sana, mpigie mama yake, mtoto aje Jumapili wacheze. Kuhama shule si lazima kuwe kufukuzana na marafiki.

Na machozi yako, mwanangu, sikuambii uyafiche kabisa. Ila tafuta pa kuyapeleka: dada yako, rafiki yako, hata kwangu hapa. Mwanao akiyasikia kila usiku kupitia ukutani anajua tu kwamba kule alikopelekwa ni mahali pa kuliliwa.

Nilitaka kuishia hapo, nikarudi tena kwenye barua. Yule wa kike umempa maneno matatu, "yeye hana neno". Ana miaka sita, kaingia darasa la kwanza wiki ile ile nyumba nzima ilipokuwa inamtazama kaka yake akitapika. Inawezekana kweli yuko sawa. Inawezekana pia ameona zamu ya kulia imeshachukuliwa. Kesho ukimfuata shule, muache kaka yake atangulie na baba, wewe shikana naye mkono mrudi polepole kwa njia ndefu, umuulize darasani anakaa na nani.