Preamplifaya ya kufuatana na kinanda cha santuri

Waalaikum salaam, ndugu yangu wa Wete. Nimeelewa kwamba unayo amplifaya ya nguvu, na kwamba santuri za taarabu alizokuachia marehemu baba yako hutoa sauti hafifu isiyo na besi. Kwa nionavyo, spika hazina kosa. Sindano ya sumaku hutoa milivolti chache tu, na santuri hurekodiwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi, kwa hiyo unahitaji preamplifaya (kikuza sauti cha awali kinachokaa kati ya kinanda na amplifaya) yenye tundu la fono, yaani la kuchomekea kinanda cha santuri, ambalo huirejesha besi hiyo na kukuza sauti kwa desibeli 40 hivi. Kisha hakikisha kwamba ukinzani wake wa kutolea (kizuizi cha umeme pale sauti inapotoka) hauzidi sehemu moja ya kumi ya ukinzani wa kupokelea (pale sauti inapoingia) wa amplifaya yako; hilo lina uzito kuliko bei. Mtumba wa Marekani wa volti 120 usiuchomeke kwenye umeme wetu wa 230 bila ya transfoma, utaungua. Ukisikia mvumo, funga kwanza waya wa ardhi wa kinanda. Ama preamplifaya ya vali (zile taa za kioo za zamani) usiifungue mwenyewe, kwani kapasita zake, yaani vihifadhi umeme, huweza kubakia na mamia ya volti hata ikishachomolewa. Mpelekee fundi, naye akague pia kutu ya hewa ya chumvi kwenye viungio.