Kabla Hamjafika Naivasha: Hesabu za Safari ya Familia Kutoka Nairobi

Safari nyingi za familia huharibikia Nairobi, kabla gari halijapita Kangemi. Watu 20 wanaandika "nipo" kwenye kikundi cha WhatsApp, mpangaji anakodi gari kwa hesabu hiyo, na siku yenyewe wanatokea 13, wawili wao wakiwa watoto wa jirani ambao hakuna aliyewataja. Ndiyo maana tunaanza na pesa, ingawa kila mtu hupenda kuanza na mahali pa kwenda.

Tutatumia Naivasha na mbuga ya Hell's Gate kama mfano. Ni karibu kilomita 90 kutoka mjini, mnakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kila umri una lake: vijana wana baiskeli, watoto wana mashua, na shosho ana kivuli na mandhari ya ziwa.

Kanuni ya kwanza: mtu huhesabiwa siku anapotuma pesa, si siku anaposema anakuja. Tuseme gari limekodiwa kwa shilingi 14,000 na mmekubaliana watu 14, elfu moja kila mtu. Wanne wakikosa, waliobaki kumi wanadaiwa 1,400, na ugomvi wa siku nzima utatoka kwenye hiyo mia nne. Kwa hiyo gawanya mchango mara mbili. Awamu ya kwanza, wiki tatu kabla, ilipe gari lote. Awamu ya pili, wiki moja kabla, ilipe viingilio na chakula. Anayejitoa baada ya awamu ya kwanza harudishiwi, ila anaruhusiwa kutafuta wa kuchukua kiti chake. Sheria hii iandikwe kikundini mapema, kabla haijamgusa mtu yeyote. Ukiitaja siku shemeji anapojitoa, itaonekana umemtungia yeye.

Mshika pesa awe mmoja, na mpishi mkuu asiwe huyo. Anayenunua nyama na pia anashika mfuko hujikuta akiongeza "kidogo tu" sokoni, na hakuna wa kumwambia basi. Kila malipo ya M-Pesa yaorodheshwe kikundini jioni hiyo hiyo kwa jina na kiasi. Kuhusu watoto, amua mapema: mtoto anayekalia kiti analipa kiti kizima, chakula nusu. Na kama wazee hawalipi, semeni wazi kwamba gharama za nafasi zao zinagawanywa kwa wenye mishahara, ili mjomba asije kuombwa pesa mlangoni mwa gari mbele ya wajukuu. Juu ya jumla yote weka asilimia kumi ya dharura. Pancha ipo, na mgeni ambaye hakualikwa yupo pia.

Gari sasa. Matatu ya abiria 14 haibebi watu 14 na pikiniki. Nyuma ya kiti cha mwisho nafasi ni ndogo. Jiko, makaa, sufuria mbili kubwa na jerikeni za maji zitakula viti viwili. Hesabu watu 12. Mkifika 20 na zaidi, chukueni basi dogo la abiria 33 badala ya matatu mbili, hata kama bei inakaribiana. Magari mawili hutumia siku nzima kungojana, na daima chakula kiko kwenye lile lililochelewa.

Kabla ya kutoa arbuni, muulize mwenye gari mambo manne: bei inajumuisha mafuta? Nani anamlisha dereva? Nani analipa kiingilio cha gari lenyewe kwenye mbuga? Na kibali je? Swali la tatu ndilo husahaulika, kwa sababu watu wanakumbuka kwamba binadamu hulipa langoni na kusahau kwamba gari nalo hulipa. La nne ndilo linaloweza kuwalaza njiani: matatu ina leseni ya njia yake, na ikitolewa nje ya njia hiyo kwa safari ya kukodi inahitaji kibali cha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Omba kukiona pamoja na bima. Angalia pia spea kama ina upepo, na kila kiti kama mkanda unafunga. Watoto wasipakatwe ili kupunguza gharama. Mkanda mmoja haufungi watu wawili, na gari likisimama ghafla yule wa mbele hubanwa kati ya mkanda na uzito wa aliyempakata.

Saa ya kuondoka isiwe na tafsiri. "Tukutane saa kumi na mbili asubuhi" kwa Nairobi ni saa moja na nusu. Andika hivi: mlango unafungwa saa kumi na mbili na nusu. Kituo cha kukutania kiwe kimoja, upande wa kutokea, kwa mfano kituo cha mafuta Westlands, na wa Umoja na Embakasi wajipange wafike hapo. Kuzunguka kuchukua watu nyumba kwa nyumba huonekana ni upendo, lakini kila kituo cha ziada hugharimu si chini ya dakika 20, maana kuna mtu bado anapiga pasi. Vituo vitatu, saa nzima imekwenda, na jua la Hell's Gate halikungoji.

Njia ni mbili. Ya juu hupitia Limuru na Kinungi. Ina baridi kali asubuhi, hasa Juni na Julai, kwa hiyo sweta za watoto ziwe mkononi, zisiwe chini ya sufuria. Ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ina kona nyingi na malori yanayotambaa. Mtoto anayetapika garini akae mbele, asinywe maziwa kabla ya kuondoka, na atazame nje badala ya simu. Kwenye mteremko huo kuna kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942; ni pazuri pa kunyoosha miguu, ila dereva aegeshe nje kabisa ya lami. Sehemu za kutazama bonde zina vyoo vya kulipia, kwa hiyo mtu mmoja abebe sarafu na noti ndogo za kundi zima, na karatasi za choo.

Kiingilio cha Hell's Gate hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si taslimu. Lipeni mkiwa bado nyumbani ambako mtandao ni wa uhakika, na mpige picha ya stakabadhi. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa, maana bei ya raia si ya mgeni. Hapa ndipo binamu aliyerudi kutoka Marekani hushangaa: akiwa na pasipoti ya kule pekee, atatozwa bei ya watalii. Mwambieni atafute kitambulisho chake cha Kenya kabla ya siku hiyo.

Na plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 5, 2020 chupa za maji za kutumia mara moja, vikombe, sahani na mirija ya plastiki haviruhusiwi ndani ya mbuga na misitu ya hifadhi. Lile katoni la maji mlilonunua kwa bei ya jumla litabaki langoni. Bebeni maji kwenye jerikeni safi za lita 20 na kila mtu awe na chupa yake ya kujaza. Hesabu lita mbili kwa mtu mzima anayeendesha baiskeli, moja na nusu kwa anayekaa kivulini. Kwa watu 20, jerikeni mbili ni za kunywa. Ya tatu ni ya kunawa na kuoshea sahani.

Chakula ndicho kinachotaka akili zaidi. Kosa kubwa ni kupika kama mko nyumbani kisha kubeba. Pilau iliyofunikwa ikiwa vuguvugu tangu saa kumi usiku hadi saa saba mchana ni hatari: wali huhifadhi vijidudu ambavyo kupika hakuviui vyote, navyo huamka kwenye joto la katikati. Ama uwe wa moto kabisa hadi unapoliwa, au usibebwe. Chapati ni salama zaidi. Pakiti ya unga ya kilo mbili hutoa chapati 20 hadi 24. Piga mbili kwa mtu mzima, moja na nusu kwa mtoto. Zipoe kabisa ndipo zikunjwe kwenye kitambaa. Ukizifungia zikiwa moto zinatoa jasho, na kufikia mchana zina maji chini na harufu juu.

Mayai ya kuchemsha yabaki na maganda yake. Viazi karai na sambusa ni vya njiani, viliwe kabla ya Mai Mahiu. Kachumbari ikatwe nyumbani bila chumvi wala ndimu, kitunguu kikae mbali na nyanya. Chumvi hutoa maji, na ukiitia asubuhi utakuta mchuzi mwekundu mchana. Chumvi, ndimu na pilipili viingie dakika kumi kabla ya kula.

Nyama choma: kama ndiyo chakula kikuu, nusu kilo mbichi yenye mfupa kwa mtu mzima, kama kuna vingine, robo inatosha. Nyama hupungua karibu theluthi motoni, kwa hiyo kilo kumi ulizolipia mtakula kama saba, na mfupa umo ndani ya hizo. Ikatwe na kutiwa viungo jioni, igandishwe usiku kwenye ndoo yenye kifuniko. Itakuwa barafu ya kupoza soda njiani na itakuwa imeyeyuka saa ya kuchoma. Kwa kilo kumi bebeni debe moja la makaa. Moto uwashwe dakika 40 kabla na nyama isiwekwe hadi makaa yawe na jivu jeupe juu, maana moto wenye ndimi huunguza nje na kuacha damu ndani, na watu wenye njaa hawatasubiri. Ndani ya mbuga moto huwashwa mahali palipotengwa tu, kwa hiyo ulizeni langoni. Kabla ya kuondoka jivu limwagiwe maji hadi lisitoe mvuke.

Ndoo yenye kifuniko ina kazi ya pili: nyani na tumbili. Mfuko wa karatasi mezani ni mwaliko. Madirisha ya gari yafungwe, na mtoto asile ndizi akitembea.

Hell's Gate huruhusu kutembea na kuendesha baiskeli, jambo ambalo mbuga nyingi haziruhusu. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa. Kabla ya kulipa, bana breki zote mbili, inua gurudumu ulizungushe, na shusha kiti hadi mguu uguse chini. Kutoka langoni hadi upande wa korongo ni kilomita saba hadi nane, na kurudi ni vilevile lakini jua likiwa limepanda. Mtoto wa chini ya miaka kumi apelekwe na gari. Nyati wakiwa karibu na njia, simameni kwa kundi na mngoje.

Korongo la Ol Njorowa ni zuri na ni la kuogopwa. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo. Maji hayo hutokana na mvua iliyonyesha mbali juu, kwa hiyo anga lako laweza kuwa jeupe huku ukuta wa maji unakuja. Kukiwa na wingu zito upande wowote, au mwongozaji akisita, msiingie. Na mkikuta limefungwa, msimtafute kijana wa "kuwaonesha njia nyingine".

Ziwani, hesabu makoti ya kuokolea kabla ya kuhesabu watu. Koti la mtu mzima likivalishwa mtoto hupanda juu ya kichwa akianguka majini. Dai saizi yake na mikanda ifungwe hadi ya mwisho. Viboko hulala majini mchana na kutoka jioni kula nyasi, kwa hiyo picha za ukingoni ziishe mchana.

Shosho akae kiti cha mbele karibu na mlango. Dawa zake za presha ziwe kwenye mkoba wake mwenyewe, na abebewe kiti chenye mgongo. Leso chini ya mti ni ya vijana. Kila mtu mzima mmoja apewe watoto watatu kwa majina. "Sisi sote tutawaangalia" maana yake hakuna anayewaangalia. Nambari ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu kwenye mkono wa kila mtoto.

Familia yenye wazee wengi au watoto wachanga isikazane na Naivasha. Karura, Arboretum, au matembezi ya Safari Walk pale Lang'ata yanatosha, na mkichoka mko nyumbani kwa nusu saa. Longonot, kwa upande mwingine, ni mlima wa mita 2,776 na kupanda kweli. Ni ya vijana peke yao.

Kurudi, gari liondoke Naivasha saa tisa alasiri. Jumapili jioni magari yote ya wikendi hupanda kuelekea Nairobi kwa pamoja, na mkichelewa saa moja mnaweza kulipa saa mbili barabarani na watoto waliolala njaa. Mkiweza, chagueni Jumamosi. Anza kukusanya vyombo saa nane, maana kukusanya watu huchukua muda zaidi ya kukusanya vyombo.

Sufuria za kuazima zibandikwe karatasi ya gundi chini yenye jina la mwenyewe tangu nyumbani, na vifuniko vilevile. Mabaki ya nyama yagawanywe palepale kabla ya kupanda gari. Stakabadhi zote zipigwe picha na hesabu itumwe kikundini Jumatatu, hata kama iliyobaki ni shilingi 85.