Maswali ya Wasomaji: Kisigino au Kabali?

Ndugu Mhariri, sisi ni vijana tunaofanya mazoezi ya jujitsu bila kimono hapa Nkuhungu. Kwenye video za mashindano makubwa tunaona watu wanashambulia miguu tu. Wenzetu wengine wanataka tuachane na kabali, tujikite kwenye kusokota visigino. Wako sahihi?
*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Hapana, ingawa tunajua hamu hiyo imetoka wapi. Mwaka 2019, kwenye ADCC (mashindano makubwa ya dunia ya mieleka ya kusalimishana bila kimono) ya Anaheim, Marekani, Lachlan Giles wa Australia alitolewa mapema kwenye uzito wake wa kilo 77. Akaingia uzito huria, ambako wa uzito wowote hupambana, na kuwasalimisha kwa kisigino (kunasa kisigino na kusokota mguu) watu watatu wakubwa kuliko yeye, akiwemo Kaynan Duarte, bingwa wa kilo 99 wa mwaka huohuo. Baada ya hapo kila mtu akataka kisigino. Januari 2021 hata IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Brazil, waliokuwa wakikikataza, wakakiruhusu bila kimono kwa watu wazima wa mikanda ya kahawia na nyeusi.

Lakini kinga nayo imekua. Siku hizi kwenye ngazi ya juu, kisigino ni tishio kama kilivyo silaha: mpinzani anageuka kuokoa goti, mgongo unabaki wazi, na kabali ya nyuma, ambayo ni mbinu kongwe ya kumaliza mapambano, inaingia. Mwaka 2022 kule Las Vegas, Gordon Ryan wa Marekani alimmaliza Nick Rodriguez kwa kisigino kwenye fainali ya uzito wa juu, na kwenye mashindano hayohayo akamkaba André Galvão kutoka mgongoni. Anayejua kimoja tu husomeka haraka.

Kama hamna mwalimu anayejua miguu, anzeni na kinga. Kinachochanika ni kano za goti, na maumivu huchelewa kufika. Anayesubiri kuumia ndipo agonge mkeka kukubali kushindwa, amechelewa. Gonga mkeka mara tu kisigino kinaponaswa huku goti limebanwa. Mshambuliaji naye ashike, atulie, aachie. Asisokote.

Kujitoa kwenye kisigino kuna mpangilio. Kwanza mikono yako miwili ikamate mkono wake mmoja, ule unaotafuta kisigino, kabla hajaunganisha viganja. Kisha kwa mguu ulio huru sukuma mapaja yake, uvute goti lako litoke katikati yake. Goti likitoka, hana tena kinachozuia paja lako, na mguu mzima unazunguka kutokea nyongani bila madhara. Kosa kubwa ni kubiringika kwa hofu huku goti limebanwa: ukienda upande usio sahihi, unamsaidia kusokota.

Mimi huupata mgongo mara nyingi, lakini mpinzani anabana kidevu, nakaza mpaka mikono inakufa ganzi, kisha anatoka. Nakosea wapi?
*Msomaji, Kondoa*

Unakimbilia shingo kabla ya kushughulikia mikono yake. Ukiwa na mkono mmoja juu ya bega lake na mwingine chini ya kwapa, kifua kimegandana na mgongo, yeye ana mikono miwili ya kujilinda na wewe una mmoja tu wa kukaba. Hesabu hiyo haikupi ushindi.

Tumia mkono wa chini ya kwapa kukamata kifundo cha mkono wake wa upande huo, usukume kuelekea kiunoni, kisha upitishe mguu wako juu yake na kuubana. Sasa amebaki na mkono mmoja dhidi ya miwili yako. Lala upande wa mkono unaokaba. Ukiangukia upande wa pili, yeye hupata nafasi ya kuteremsha mabega mkekani, na hapo ndipo wengi hutoka.

Mkono unaokaba uingie kutoka kwenye kona ya taya. Kiwiko kiwe mbele ya koo, kiganja kifike bega la mbali. Mkono wa pili upite nyuma ya kichwa chake. Ukiupitisha mbele ya uso ataudaka. Kaza kwa kupanua kifua na kuvuta viwiko nyuma. Mishipa ya pande zote mbili ikibanwa sawasawa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, kwa hiyo ukikaza sekunde kumi bila dalili yoyote, umekaa vibaya: legeza, panga upya. Jasho likizidi, unganisha viganja na ukabe kwa mfupa wa mkono. (Hali ya hewa yetu ya Julai ni kavu, ngozi hushika vizuri dakika za mwanzo. Msiizoee hiyo, ukumbi uliojaa watu hauko hivyo.)

Kwa kanuni za ADCC, naruhusiwa kukaa chini kuvuta gadi, yaani kumkabili mpinzani kwa miguu yangu nikiwa chini?
*Msomaji, Singida*

Unaruhusiwa, ila angalia saa. Kwenye mashindano ya dunia, pambano la kabla ya fainali ni dakika 10, na 5 za kwanza hazina pointi. Hapo kaa, ingia miguuni, jaribu. Ukipitwa gadi hupotezi pointi, unapoteza nafasi tu. Kuanzia dakika ya 5, kuvuta gadi ni pointi moja ya adhabu, huku kuangusha kukileta 2 na kuupata mgongo ukiwa na kulabu zote mbili (miguu yako imenasa ndani ya mapaja yake) 3. Kama huna mwangusho wa uhakika, anza kuutafuta sasa, hata kwa mcheza judo wa mtaa wa pili, na kisigino chako kitumie mapema pambano likiwa bado kavu.